Wahome Mutahi: Mcheshi Aliyeanza kwa Kujicheka

Katika Kenya ya miaka ya 1980, kumcheka mkubwa hadharani kulitosha kumpeleka mtu jela. Karne mpya ilipoingia, vijana walikuwa wakimwigiza rais kwenye televisheni, sauti yake na rungu lake, na nchi nzima ikicheka nao. Mabadiliko hayo hayakuletwa na mtu mmoja. Wapo wanasiasa waliowekwa kizuizini, mawakili waliopigwa, na maaskofu waliohubiri bila kumung'unya maneno. Lakini ukiuliza ni nani aliyemzoesha Mkenya wa kawaida kukicheka cheo bila kujificha, utaelekezwa kwa Wahome Mutahi: mwandishi wa safu, mwanariwaya, mtunzi wa tamthilia na mwigizaji, ambaye wengi walimwita kwa jina la safu yake, Whispers.

Alipitia kazi nyingi, na mtu akizitazama harakaharaka atadhani alikuwa mtu asiyetulia. Zikifuatwa kwa mpangilio wa miaka, zinaonyesha jambo jingine. Karibu kila mara alihama alipofika mahali ambapo kazi ya kwanza haikuweza tena kubeba alichotaka kusema. Na nyuma ya zote kulikuwa na chombo kimoja alichokijua kwa ndani kuliko waandishi wengi wa rika lake, nacho ni utawala wa serikali ya mikoa, ule mlolongo wa chifu, DO (ofisa wa tarafa), DC (mkuu wa wilaya) na PC (mkuu wa mkoa) uliotoka kwa mkoloni na kukabidhiwa Kenya huru ukiwa mzima.

Mtoto wa Hali ya Hatari

Mutahi alizaliwa tarehe 24 Oktoba 1954 huko Nyeri, kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Miaka miwili kabla, serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza Hali ya Hatari ili kuwakabili wapiganaji wa Mau Mau. Katikati ya mwaka 1954 ilianza kuwaondoa Wakikuyu kwenye mashamba yao na kuwarundika katika vijiji vilivyochimbiwa mahandaki na kulindwa na askari. Zaidi ya watu milioni moja walihamishwa hivyo. Mtoto wa Nyeri aliyezaliwa mwaka huo alizaliwa katikati ya amri: marufuku ya kutoka usiku, pasi ya kusafiria, na chifu aliyeweza kumpeleka jirani yake kizuizini kwa kumnyooshea kidole.

Nguvu ya pili iliyotawala eneo hilo ilikuwa misheni. Wamisionari wa Consolata kutoka Italia waliingia Kenya mwaka 1902 na wakaifanya Nyeri kuwa ngome yao. Pamoja na shule na zahanati walileta katekisimu, misa ya Kilatini na majina ya watakatifu ambayo wazazi wa Kikuyu waliyapokea na kuyatamka walivyoweza. Mutahi alipokuja kuandika, aliwaumba wahusika kutokana na ulimwengu huo: Appepklonia, mama mcha Mungu wa kijijini, na Mwalimu Damiano, ambaye kwake elimu ilipitia kwenye kiboko. Msomaji wa Kisumu au Machakos, ambaye hajawahi kuuona Mlima Kenya kwa karibu, aliwatambua mara moja. Kila kijiji cha Kenya kilikuwa na Damiano wake.

Uhuru ulipofika Desemba 1963 alikuwa na miaka tisa. Kizazi chake ndicho cha kwanza kusomeshwa kwa matumaini kwamba kila aliyefika chuo kikuu atapata ofisi, gari na kitambi. Alisoma Chuo Kikuu cha Nairobi katika miaka ya 1970, wakati fasihi ilikuwa inapiganiwa pale kama ardhi. Ngũgĩ wa Thiong'o na wenzake walikuwa wamedai tangu 1968 kwamba fasihi ya Afrika iwekwe mbele, na idara ikabadilishwa. Nje ya chuo, mambo mengine yalikuwa yakichemka. Mwaka 1973 Hilary Ng'weno na Terry Hirst walianzisha jarida la vichekesho la Joe, lililomtazama mwananchi wa mjini na shida zake. David Maillu naye alikuwa akichapa vitabu vyembamba vya bei nafuu kuhusu pombe na mapenzi, na makarani walivinunua kama njugu. Ilidhihirika kwamba wapo wasomaji wengi ambao hawakuhitaji kuhubiriwa. Walitaka kujiona.

Ndani ya ofisi ya serikali

Baada ya chuo, Mutahi aliingia katika utawala wa mikoa akawa DO. Kwa msomaji wa leo cheo hicho kinahitaji maelezo machache. DO ndiye aliyekuwa serikali yenyewe tarafani. Alivaa kaki, aliwasimamia machifu, aliitisha baraza chini ya mti au uwanjani, akasuluhisha ugomvi wa mipaka na kupeleka taarifa kwa DC. Sikukuu ya taifa ilipofika, hotuba ya rais ilisomwa wilaya kwa wilaya na maofisa wa utawala mbele ya wananchi waliosimamishwa juani tangu asubuhi. Kibali cha mkutano kilitoka humo humo, na kibali cha mchezo wa kuigiza pia.

Habari ya kibali si ndogo. Mwaka 1977 wanakijiji wa Kamĩrĩthũ karibu na Limuru waliigiza Ngaahika Ndeenda, tamthilia ya Kikuyu iliyotungwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Wakulima na wafanyakazi wa viwandani walikuwa waigizaji, na umati ulifurika. Novemba mwaka huo DC wa Kiambu alifuta kibali. Kabla ya mwaka kwisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alikamatwa akawekwa kizuizini bila kushtakiwa, akakaa humo karibu mwaka mzima. Machi 1982 jukwaa la Kamĩrĩthũ lenyewe lilibomolewa. Somo lilikuwa wazi kwa kila aliyefuatilia. Serikali ilivumilia maigizo ya Kiingereza mbele ya wasomi wachache wa Nairobi, lakini iliogopa lugha ya mama mbele ya wakulima.

Mutahi hakudumu serikalini. Aliiacha kaki akaenda kwenye uandishi wa habari. Alichoondoka nacho ni ujuzi wa namna cheo kinavyofanya kazi: jinsi karani anavyobadilika sauti simu ya bosi inapolia, jinsi hotuba tupu inavyopigiwa makofi, na jinsi mtu mdogo aliyevishwa kofia ya serikali anavyokua ghafla. Mwandishi aliyeyaona hayo kutoka upande wa raia pekee angeyaandika kwa hasira. Yeye aliyaandika kwa kicheko cha mtu aliyewahi kukaa upande wa pili wa meza.

1982: Whispers anazaliwa

Mwaka 1982 ulikuwa mbaya kwa utani. Juni, Bunge lilibadilisha Katiba na kuifanya Kenya nchi ya chama kimoja kisheria. Tarehe 1 Agosti askari wa jeshi la anga walijaribu kumpindua Rais Daniel arap Moi wakashindwa. Mamia walikufa na maelfu wakakamatwa. Baada ya hapo hofu ilitanda, na pamoja nayo ikaja sifa. Septemba 1984 Moi aliwaambia mawaziri na viongozi wengine waziwazi kwamba anataka waimbe wimbo wake kama kasuku.

Vichekesho vilikuwepo. Sauti ya Kenya, redio na televisheni ya serikali, ilikuwa na Vioja Mahakamani na Vitimbi, na watu waliwapenda kina Mzee Ojwang' na Mama Kayai kama jamaa zao. Lakini kicheko cha vipindi hivyo kilielekea chini: kwa mshamba aliyepotea mjini, mwizi wa kuku, mlevi, mume mwenye wake wawili. Chombo kilikuwa cha serikali, na serikali haikuwa sehemu ya mzaha.

Safu ya Whispers ilianza mwaka 1982, ikaendelea hadi 2003, na wengi wanaikumbuka katika Sunday Nation. Ilionekana haina madhara. Msimulizi ni mwanamume wa makamo kutoka miteremko ya Mlima Kenya, anayejiita Mwana wa Udongo. Amehamia Nairobi, anapenda bia, mfuko wake una matobo, na nyumbani kwake anajitangaza kuwa mkuu. Mkewe anaitwa Thatcher, kama yule waziri mkuu wa Uingereza, na hilo peke yake linaeleza nani anayetawala. Mwana wao, Whispers Junior, ni kijana wa mjini aliyempiku baba kwa ujanja. Binti yao anaitwa Pajero.

Pajero anastahili kutazamwa kwa karibu, maana ndani yake ufundi wote wa Mutahi unaonekana. Baba anamhesabu binti kama kitega uchumi: siku moja mchumba atakuja na mahari, na mahari hiyo iwe gari la Mitsubishi Pajero. Katika Kenya ya wakati huo hilo halikuwa gari tu. Ndilo lililompita mwananchi kwa vumbi, likiwa na mheshimiwa nyuma. Kwa jina moja la mtoto, mwandishi amekwisha kumcheka baba mwenye tamaa, desturi ya mahari iliyogeuzwa biashara, na tabaka la wakubwa ambao kila maskini aliwalaani huku akiota kuwa kama wao. Hakuna waziri aliyetajwa, na hakuna wa kumshtaki.

Hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya safu. Whispers alikuwa mtawala wa nyumba anayetoa amri zisizotiiwa, anayedai heshima asiyoistahili, anayeahidi asichoweza kutoa, na anayewalaumu wengine mambo yakiharibika. Msomaji alimcheka Jumapili asubuhi kama mume na baba wa hovyo. Jumatatu, akiwa kwenye foleni ya ofisi ya serikali au baraza la chifu, alimtambua tena. Na kwa kuwa Mutahi alijivika mwenyewe kofia ya mjinga, hakuna aliyeweza kumwambia kwamba anawadharau watu. Mzigo wa aibu ulianzia kwake.

Lugha nayo ilisaidia. Kiingereza cha safu hakikuwa cha Uingereza. Kilijaa Kikuyu, Kiswahili na Sheng, matamshi ya kijijini na misemo ya baa. Wakati hotuba rasmi zilikuwa zinakauka kwa maneno yaleyale, ukurasa huu ulisikika kama watu wanavyoongea kwenye matatu.

1986: Nyayo House

Mwaka 1986 serikali ilianza msako mkali dhidi ya Mwakenya, kundi la siri lililokuwa likisambaza vijikaratasi vya kuipinga. Wahadhiri, wanafunzi, wakulima na wanahabari walikusanywa. Mutahi alikamatwa pamoja na ndugu yake, Njuguna Mutahi.

Walipopelekwa watuhumiwa wa Mwakenya palikuwa Nyayo House, jengo refu la serikali kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway, katikati ya Nairobi. Watu walipanga foleni humo kufuata pasipoti. Ofisi ya PC wa Nairobi ilikuwa humo pia, kilele cha utawala uleule ambao Mutahi aliwahi kuutumikia akiwa DO. Chini ya ardhi, pasipo dirisha, kulikuwa na vyumba vidogo vya mateso. Ushuhuda wa waliopitia unafanana: mtu alifungiwa uchi gizani, maji yakamwagwa sakafuni hadi yakafunika miguu, akaachwa humo siku kadhaa bila chakula, ngozi ya nyayo ikaanza kubanduka. Kisha alifunikwa macho na kupandishwa kwa lifti hadi ghorofa za juu kuhojiwa, akapigwa, na kurudishwa majini. Wengi walipokubali kusema walichotakiwa kusema, walifikishwa mahakamani bila wakili, pengine jioni baada ya saa za kazi, wakakiri na kufungwa kwa dakika chache.

Mutahi alipoteza uhuru wake kwa miezi 15. Aliingia akiwa mchekeshaji wa Jumapili. Alipotoka alikuwa na jambo ambalo safu ya Jumapili haikuweza kulibeba. Kwanza, gazeti lisingethubutu kulichapa. Pili, mzaha una mipaka yake. Mume anayemwogopa mkewe anachekesha, lakini mtu aliyesimama majini siku nne hachekeshi, na kumlazimisha achekeshe ni kumtesa mara ya pili.

1991 na 1992: riwaya mbili

Ndipo akageukia riwaya. Three Days on the Cross ilitoka mwaka 1991. Ni hadithi ya watu wanaokamatwa na polisi wa siri, wakidaiwa kuwa wafuasi wa kundi la chini kwa chini katika nchi ya kubuni, na kuteswa ili wakiri wasilolijua. Majina ya wahusika hayaelekezi kabila lolote la Kenya, na hiyo ilikuwa busara, lakini msomaji wa Nairobi hakuhitaji ramani. Aliyemjua Mutahi kwa Whispers alishangaa: hapa hapana utani wa kupunguza maumivu. Mwaka uliofuata ikatoka The Jail Bugs, kuhusu maisha ya gerezani, na ndani yake kejeli ilianza kurudi. Gereza lina vyeo vyake, rushwa yake na wakubwa wake wadogo, na jicho la yule aliyekuwa DO liliyaona yote.

Mwaka 1992 Three Days on the Cross ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta. Miaka mitatu kabla yake jambo hilo lisingewezekana. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea na mistari mifupi ikatangazwa mirefu, ulikuwa umewachosha hata watiifu. Julai 1990 watu walijitokeza kwa mkutano wa Saba Saba wa kudai vyama vingi na kupambana na polisi. Wafadhili wakazuia misaada. Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kikafutwa. Riwaya ya Mutahi ilifika mlango ukiwa umefunguka kidogo, nayo ikawa miongoni mwa vitabu vilivyosaidia kuusukuma. Yaliyonong'onwa kuhusu Nyayo House sasa yalikuwa yamechapwa na kutuzwa.

Moi alishinda uchaguzi wa 1992 na wa 1997 dhidi ya upinzani uliogawanyika. Maisha nayo yaligeuka magumu: shilingi iliporomoka, karo zikapanda, wafanyakazi wa serikali wakapunguzwa kwa masharti ya wakopeshaji, na mabilioni yakapotea katika kashfa ya Goldenberg. Whispers hakukosa cha kuandika. Mfuko wake wenye matobo ulikuwa sasa mfuko wa taifa. Mwaka 1996 alikusanya utani wake katika How to Be a Kenyan, kitabu kidogo cha kuyacheka mazoea ya Wakenya wenyewe. Shabaha hiyo inaonyesha alivyokomaa. Wakati upinzani ulipokuwa ukimlaumu mtu mmoja Ikulu kwa kila kitu, Mutahi aliwakumbusha wananchi kwamba mkubwa hupata nguvu kwa wale wanaompigia makofi.

Jukwaa ndani ya baa

Hata hivyo, gazeti na riwaya zote zilikuwa za Kiingereza, na zilinunuliwa kwa pesa. Mama Appepklonia wa kweli, kule kijijini, asingeweza kuzisoma. Katika nusu ya pili ya miaka ya 1990 Mutahi alijitosa katika tamthilia za Kikuyu pamoja na kundi la Igiza Productions. Mũgaathe Mũbogothi, yaani Mtukufu Mropokaji, ndiyo iliyovuma zaidi. Zikafuata Mũgaathe Ndotono, Makaririra Kĩoro na Professa Nyoori.

Hakuzipeleka kwenye ukumbi wa kitaifa wa Nairobi na viti vyake vya kupangwa. Alizipeleka kwenye baa na hoteli, jijini na katika miji ya Mkoa wa Kati, mwishoni mwa wiki. Uamuzi huo ulikuwa wa kisanaa na wa kibiashara kwa pamoja. Baa tayari ilikuwa na umeme, viti na watu. Mwenye baa aliuza bia na nyama choma, na kikundi kikapata kiingilio. Mtazamaji hakutakiwa kukaa kimya kama kanisani. Aliketi na chupa yake, akacheka, akamjibu mwigizaji, akamwelekeza mwenzake kwa kiwiko pale mropokaji wa jukwaani aliposema jambo lililofanana na taarifa ya habari ya saa moja. Mutahi mwenyewe alipanda jukwaani. Yule aliyejificha nyuma ya ukurasa kwa miaka sasa alisimama hatua chache kutoka kwa wasomaji wake, na wale wasiosoma.

Ukiiweka hatua hii pembeni ya Kamĩrĩthũ ya 1977, utaona umbali uliokwisha kutembewa. Lugha ni ileile ya Kikuyu, na watazamaji ni haohao wakulima na wafanyakazi. Mwaka 1977 mchezo uliosema juu ya unyang'anyi wa ardhi ulizimwa kwa saini ya DC. Miaka 20 baadaye mchezo uliomcheka mtukufu mwenyewe ulizunguka kutoka baa hadi baa. Sheria zilikuwa zimelegezwa kiasi baada ya mageuzi ya 1997, na utawala wa mikoa ulikuwa umepoteza makali. Tofauti nyingine ilikuwa ya namna. Kamĩrĩthũ iliwataka watu wasimame na kupigania haki yao, na serikali ilijua la kufanya na watu wa namna hiyo. Mutahi aliwaacha wakae na kunywa bia yao. Ni vigumu kuwatia pingu watu wanaocheka mezani, na aliyewahi kuwa DO alijua hivyo.

Kulikuwa na gharama. Mtunzi wa Kikuyu aliwafikia Wakikuyu. Mluo wa Kondele na Mtaita wa Voi hawakuwa na nafasi katika ukumbi ule, na katika nchi ambayo siasa za vyama vingi zilianza kufuata mistari ya kabila, utani wa lugha moja juu ya rais wa kabila jingine uliweza kusikika vingine. Safu ya Jumapili iliendelea kuwa mahali pa wote. Mutahi alizifanya kazi zote mbili kwa pamoja.

Miaka ya mwisho

Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipua ubalozi wa Marekani Nairobi na kuua zaidi ya watu 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wakipita njiani. Mwaka 1999 Mutahi alitoa Doomsday, riwaya iliyochota kwenye msiba huo. Kwa mara nyingine alifanya kama baada ya Nyayo House: jambo lililokataa kuchekwa alilipeleka kwenye riwaya.

Wakati huohuo uwanja wa kicheko ulikuwa umejaa wengine. Gado, mchoraji kutoka Tanzania aliyejiunga na gazeti la Nation mwaka 1992, alikuwa amewazoesha wasomaji kumwona rais kwenye katuni. Kundi la Redykyulass, la Walter Mong'are, Tony Njuguna na John Kiarie, lilimleta Moi wa kuigiza jukwaani na kisha kwenye televisheni. Mzaha uliokuwa ukinong'onwa sasa ulikuwa na matangazo ya biashara.

Desemba 2002 chama cha Moi, KANU, kilishindwa na muungano wa NARC, Mwai Kibaki akawa rais, na miaka 24 ya Moi ikafika mwisho. Februari 2003 serikali mpya ilifungua vyumba vya mateso vya Nyayo House wananchi wavione. Waliopitia humo walirudi, wakaonyesha kuta na sakafu.

Mwezi uliofuata Mutahi alilazwa kwa upasuaji mdogo wa kuondoa uvimbe. Hakupata tena fahamu. Nchi ilifuatilia hali yake kwa zaidi ya miezi minne, hadi alipofariki katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta tarehe 22 Julai 2003, akiwa na miaka 48. Hasira juu ya namna upasuaji wa kawaida ulivyoweza kumaliza maisha ya mtu mzima iliendelea kwa muda mrefu. Mtu aliyeokoka Nyayo House aliangushwa na jambo ambalo kila Mkenya aliliogopa kwa ajili ya ndugu zake.

Alichokiacha

Mwaka 2006 Chama cha Wachapishaji cha Kenya kilianzisha Tuzo ya Fasihi ya Wahome Mutahi, inayotolewa kwa kupishana na ile ya Jomo Kenyatta. Mshindi wa kwanza alikuwa Onduko bw'Atebe kwa riwaya yake The Verdict of Death. Mwaka 2009 kipindi cha XYZ Show kikaanza kuwacheka viongozi kwa vikaragosi kwenye televisheni. John Kiarie wa Redykyulass alichaguliwa kuwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, akaingia jengo lilelile ambalo wenyeji wake alikuwa akiwaigiza. Mahakama Kuu nayo ilianza kuwaamulia fidia waliopitia Nyayo House. Katiba ya 2010 iliagiza utawala wa mikoa uundwe upya, na vyeo vya DO, DC na PC vikapata majina mengine, ingawa baraza la chifu bado linaitishwa.

Waliomfuata Mutahi walipata uhuru ambao yeye hakuwa nao. Waliweza kumtaja rais kwa jina, kumwiga kwa sauti na kulala nyumbani kwao. Hata hivyo utani mwingi wa leo unamlenga mwanasiasa na kumwacha msomaji akiwa msafi, hivyo unachekwa Jumapili na kusahaulika kabla ya siku ya kupiga kura. Whispers hakumpa msomaji wake nafasi hiyo. Alianza kwa kujicheka yeye mwenyewe, kisha nyumba yake na kijiji chake, na hapo ndipo akapanda hadi Ikulu. Aliyemfuata njia yote hiyo alifika akiwa amejiona mara kadhaa, na hakuweza tena kusema kwamba ubaya wote unaishi kwa mkubwa. Kumcheka rais sasa ni kazi ya mshahara nchini Kenya, lakini wachekeshaji walio tayari kuanza na wao wenyewe wamebaki wachache.